Nilivyokwenda Ahmedabad na Mama Kirit Nikarudi Peke Yangu

Jumapili ile baada ya ibada, pale kwenye foleni ya chai, nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe mtu akisema kwamba Edna kamtupa bibi wa watu India. Sitamtaja, anajijua, na nimeshamsamehe ingawa si kabisa. Tangu siku hiyo mmenipigia simu mmoja mmoja, kila mtu anataka habari yote kuanzia mwanzo, mpaka sauti imenikauka. Basi naandika mara moja, msome wote, tumalizane. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Anayetaka kujua foleni ya viza ilivyo akapange mwenyewe.

Ni kweli nilikwenda na mtu nikarudi bila yeye. Mengine mliyosikia yametiwa chumvi.

Woolwich hadi Queensbury, ambayo nayo ni safari

Kwa wasiomjua, Mama Kirit ni Mhindi wa Shinyanga. Ana miaka themanini na moja. Alizaliwa chumba cha nyuma cha duka la vitenge la baba yake, akaja huku miaka ya sabini na mtoto mmoja mkononi. Mimi ni kea wake, mtunza wazee wa kulipwa, mwaka wa nne huu. Kila asubuhi navuka London nzima, treni mbili na basi moja, kwenda kumsaidia kuoga mtu ambaye kabla sijavua koti ananiuliza kama nimekula. Nikimwamkia anaitika marahaba kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Yule mtoto wa mkononi ndiye Kirit. Sasa ana kipara, ameachana na mkewe, anakaa ghorofani kwa mama yake. Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza. Mwezi wa kumi na moja aliniambia mama yake hajawahi kuiona India maisha yake yote, na kwamba Jayesh, mtoto wa marehemu kaka yake Mama Kirit, anawaalika Ahmedabad kwa sikukuu ya kurusha vishada. Wiki tatu tu. Edna, utamsindikiza?

Mtu anayekaa Woolwich akialikwa kwenye jua mwezi wa Januari haulizi maswali. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Mama Kirit alifunga sanduku lake kama sisi tunavyofunga tukienda nyumbani. Ndugu wa India ni maskini, alisema, mkono mtupu haulambwi. Aliweka sabuni tisa, maziwa ya kopo, mishumaa, taulo, na paketi sita za majani ya chai ambazo kwa nyuma zimeandikwa kwamba zimetoka India. Nilimwonyesha maandishi. Akasema hayo wameyaandika ili yauzike. Sanduku la pili Kirit alilifunga mwenyewe, na lilikuwa zito kama jiwe la kusagia. Nikasema moyoni, mtoto anampenda mama yake.

Doha, saa kumi na moja za bure

Tulipofika Doha tukaambiwa Ahmedabad kuna ukungu, ndege haiendi. Mama Kirit alikuwa kwenye kiti cha magurudumu cha uwanjani, na yule bwana mwenye kukisukuma alimpeleka mahali akampanga kwenye mstari wa viti vingine saba, kila kimoja na bibi au babu wa Kigujarati, kisha akaondoka moja kwa moja. Baada ya nusu saa, kama waliopigiwa kengele, wazee wote wakafungua mikoba wakatoa chapati nyembamba za viungo na achari. Ukumbi mzima ukanuka hilba.

Bibi wa pembeni alimnyooshea Mama Kirit chapati na kumsemesha Kigujarati. Mama Kirit alishukuru, akachukua, akanigeukia.

"Hawa ni Wahindi sana," akaniambia.

Nilicheka mpaka dada mmoja mfanyakazi wa usafi akaja kuangalia. Kumbe ni Mkisii. Alisimama na fagio lake akasikiliza bibi wa Kihindi akilalamika kwa Kiswahili cha Shinyanga kuhusu baridi ya mashine ya hewa, akashika kiuno. Aliuliza kama huyu mama ni wetu ama ni wa hawa. Mama Kirit akamjibu mwenyewe kwamba ni wa kwetu. Yule dada alituletea chai mara tatu kabla zamu yake haijaisha, na akatuaga kwa kushikana mikono yote miwili. Kama si yeye ningekuwa nimeshagombana na shirika zima.

Barabara ya kwanza

Jayesh alitupokea asubuhi na gari jeupe lisilo na mkwaruzo, jambo ambalo ni muujiza kwa sababu kati ya uwanja wa ndege na kwake niliona ajali ndogo tatu, na katika zote hakuna aliyeshuka kwenye gari. Honi pale si ugomvi. Wanapiga kusalimia, kuaga, kuuliza, na nadhani wengine wanapiga ili wasilale. Watu walivaa makofia ya sufu na majaketi. Nilitazama kipimo cha joto kwenye gari, nyuzi kumi na nane. Mimi nilikuwa natokwa jasho.

Mchana nikatoka peke yangu kununua laini ya simu, duka likiwa ng'ambo ya barabara. Nikaona zebra imechorwa vizuri kabisa, nikasimama pembeni yake kistaarabu, kama tulivyofunzwa huku, nisubiri magari yasimame. Nilisubiri dakika kumi. Pikipiki moja yenye baba, mama, watoto wawili na kioo cha kabati ilinipita karibu na pua. Mwishowe mwanamke mwenye kapu la mboga akanishika kifundo cha mkono bila hata kunitazama, akaingia barabarani kwa mwendo wa mtu anayepita katikati ya mbuzi wake, na magari yakatuzunguka.

Jioni hiyo niliandika kwenye simu: mji wa vichaa, bado siku ishirini.

Ghorofa ya kumi na nne

Kwa Jayesh hakuna umaskini. Kuna lifti tatu, kuna mashine ya duara inayofagia nyumba yenyewe na kurudi kujichaji ukutani. Mama Kirit alipotoa sabuni zake tisa, ile mashine ilikuwa inapita miguuni kwake. Mke wa Jayesh alizipokea kwa mikono miwili kama dhahabu, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo. Mishumaa ilipotoka Jayesh alikwenda dirishani akakohoa.

Mama Kirit alirudisha taulo sandukuni. Alikwenda na yeye dirishani. India aliyosimuliwa na mama yake ilikuwa na kisima, taa ya mafuta na njia ya vumbi. Chini kulikuwa na majengo ya vioo, treni inayopita juu ya nguzo, na muuza nyanya ambaye asubuhi yake alikataa noti yangu na kunionyesha kibao cha kupiga picha kwa simu ili nilipe, huku akinitazama kama mtu aliyeshuka jana kutoka porini. Ng'ombe alikuwepo mmoja, amelala mbele ya duka la simu.

"Yule tu ndiye aliyenisubiri," alisema.

Siku za kwanza kila kitu alikipima kwa Shinyanga, na Shinyanga ilishinda. Maembe ya Shinyanga. Vumbi la Shinyanga, ambalo kumbe ni safi zaidi. Mimi nilikuwa na msiba wangu mwingine. Nyumba ile haili nyama, samaki wala yai, na mboga zao wanatia sukari. Dengu ina sukari. Nilikula kwa adabu, nikasifu, nikaongezewa, na usiku naota samaki, sato mzima.

Chini ya jengo kuna mabenchi, na asubuhi wanawake wazee hukaa pale kuota jua. Siku ya kwanza nilimteremsha Mama Kirit akakaa dakika kumi, akataka kurudi. Wale wanawake hawakumuuliza habari za London hata kidogo. London kila mmoja ana mtoto au mjukuu aliyepo huko, hawana hamu nayo. Waliuliza habari za Afrika. Siku ya tano alikaa saa mbili na mimi nikarudishwa juu kufuata shali. Siku ya nane nilimkuta katikati ya benchi, mikono hewani, anaeleza jinsi fisi alivyoingia dukani kwa baba yake, na wanawake saba wamefunga mdomo. Walimwita Bibi wa Afrika. Kule Queensbury anaitwa bibi wa Kihindi, na hakuna anayemuuliza kitu zaidi ya kama amemeza dawa.

Na mimi nilikuwa nabadilika, nakiri. Treni yao ya juu ni safi kiasi kwamba niliona aibu kukaa. Pale kando ya mto wamejenga njia ndefu ya kutembea, jioni familia nzima zinatembea hazina haraka, na mtu asiyekujua anakuuliza umetoka wapi, umeolewa, kwa nini hujaolewa, yote kabla ya kukutajia jina lake. Siku ya tisa nilimshika mkono babu mmoja mwenyeji aliyekuwa anasitasita pale kwenye ile zebra nikamvusha mimi. Yale maandishi ya vichaa nikayafuta.

Kitabu cha wageni

Siku ya kumi Jayesh alisema twende tukaone jengo jipya la wazee nje kidogo ya mji, maana mimi nafanya kazi hiyo na ningependa kuona wenzangu wanavyofanya. Nikaona ni heshima. Jengo kweli zuri: vyumba vya mtu mmoja mmoja, bustani, hekalu dogo, chumba cha mazoezi, bwawa la kuogelea ambalo haliogelewi na mtu. Mama Kirit alikaa bustanini. Meneja alinitembeza akijibu kila swali, na mwisho akaleta kitabu cha wageni na kalamu.

Sasa niambieni nyie, Mtanzania gani aliwahi kuandika ukweli kwenye kitabu cha wageni? Tumekua navyo shuleni, zahanati, hata kwa mtendaji wa kata. Unaandika jina, unapotoka, na pale kwenye maoni unaandika pazuri, hongereni, Mungu awabariki. Hata paa likiwa linavuja juu ya kitabu chenyewe unaandika hivyo. Basi nikaandika jina langu, nikaandika London, kazi nikaandika kea mwandamizi, na kwenye maoni nikajaza mistari mitano: mahali pazuri sana, nimeridhika, hata mimi ningependa mama yangu aishi hapa. Sahihi. Meneja akakipiga picha ukurasa. Nikadhani anafurahia mwandiko.

Mayai

Kesho yake saa kumi na moja jioni sikuweza tena. Nilikuwa nimenusa, mitaa miwili kutoka kwa Jayesh, mkokoteni wa mayai. Niliaga naenda kunyoosha miguu. Nilipofika, kulikuwa na mtu amesimama nyuma ya mti, amegeukia ukuta, anakula kimanda cha mayai manne kwa kasi ya mwizi. Alikuwa Jayesh.

Tulitazamana. Akasogea, nikasimama naye nyuma ya mti, akaniagizia. Mtu mliyeshikana naye na yai mdomoni hana siri tena kwako, na Jayesh mwenyewe alikuwa na uzito moyoni. Akaniambia nilichokiandika kimewasaidia sana. Kirit alikuwa na wasiwasi, lakini picha ya ukurasa wangu ilipomfikia, neno la mtaalamu wa London, amekubali. Chumba ghorofa ya tatu, upande wa bustani, Mama Kirit ahamie nitakapoondoka. Kirit amepata kazi Leeds. Ile nyumba ya Queensbury itafungwa.

"Yeye mwenyewe anajua?" nikamuuliza.

Jayesh alitazama kimanda chake.

Niliweka yai chini. Siwezi kuwaficha, niliogopa. Nilikuwa nimemtoa mtu mzima kwake kwa kumwambia anakwenda kutembea, na nimemwekea sahihi ya kuachwa, kwa adabu zangu. Nikampigia Kirit pale pale. Kwao ilikuwa mchana. Nilimsema kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu ni cha kazini na hakina maneno ya kumtosha. Nikamwambia mama haachwi kama paka kwenye gunia. Yeye akajibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba amechoka, kwamba kila alipotaka kumwambia mama yake alishindwa, akapanda ngazi kulala. Nikamwambia nitamrudisha Heathrow hata kwa kumbeba mgongoni, na aje kumpokea. Nikakata. Kisha nikalia, na mwenye mkokoteni akaniongezea yai bila kuuliza.

Juu ya paa

Sikukuu ya vishada mji mzima unapanda juu ya mapaa. Sizidishi. Kuanzia alfajiri hakuna mtu chini, wote wako juu, na mbingu inajaa karatasi za rangi. Wanakatana nyuzi, maana nyuzi zimepakwa unga wa kioo, na cha mwenzio kikikatika paa zima linashangilia kwa ubaya. Mimi nilijaribu mara moja uzi ukanichana kidole. Mama Kirit alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia ya sufu ya Jayesh kichwani, ameshika gurudumu la uzi, anampa maagizo mwenye kurusha. Sijawahi kumwona hivyo.

Nilipanga nisiseme siku hiyo. Lakini nilishindwa kula, na yeye alishaona. Nikachuchumaa pembeni ya kiti nikamwambia yote: Leeds, chumba, kitabu cha wageni. Nikamwomba radhi. Nikamwambia tiketi yake ninayo na tunarudi wote.

Hakuacha kuachia uzi.

"Edna, mtu wa wiki tatu hafungiwi albamu ya harusi yake," alisema. "Nilifungua lile sanduku siku ya pili. Nikakuta picha, nikakuta sari zangu zote, nikakuta mpaka ile sufuria yangu ya Shinyanga. Nikafunga."

"Na hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungepiga simu ugombane. Nilitaka kuona mji kwanza."

Kumbe siku mbili zile baada ya mayai, nilizotembea mtoni kutuliza moyo, yeye na wanawake wawili wa benchi walichukua bajaji wakaenda kwenye lile jengo wenyewe. Alikuwa ameshaongea na wanaokaa pale, si na meneja. Alionja dengu. Mpishi hajui chumvi, alisema, lakini atajua. Kwa Jayesh hataki kukaa, mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na jikoni kwa mke wa mtu hana jembe. Queensbury hataki kurudi. Alisema kule kwa siku nzima anasubiri mtu mmoja, naye ni mimi, na saa sita mchana nimeshaondoka.

Nilikasirika, sitawaficha. Nilikuwa nimeshajiona shujaa, na tena nilikuwa namdai kitu ambacho sikumkopesha. Katika London yote, pamoja na miaka yangu yote ya kubeba boksi, hizi kazi zetu za ughaibuni, ni mlango mmoja tu ambao mtu alikuwa ananiuliza kama nimekula. Nilikuwa nampigania yeye na nilikuwa naupigania huo mlango. Nikamwambia hivyo hivyo, juu ya paa, makelele yote yale.

Alishusha gurudumu mapajani akanishika kidole kile kilichochanika, akakitazama.

"Kirit asiambiwe kwa simu," akasema. "Wewe umwambie, ukimtazama usoni. Mwambie hajaniacha. Mimi ndiye nimemwacha. Amelelewa vya kutosha."

Halafu kishada chetu kikakata cha jengo la jirani, na alishangilia kwa ubaya kuliko wote.

Heathrow

Siku za mwisho nilihamisha sanduku zito mara ya pili, nikalipandisha ghorofa ya tatu, upande wa bustani. Jayesh aliamriwa asiseme kitu London, na alimtii shangazi yake kwa sababu alikuwa amegundua kwamba shangazi anajua habari za mayai. Simu za Kirit hazikupokelewa wiki ile. Alinipigia na mimi, sikupokea.

Ndege ya kurudi haikuchelewa hata dakika. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na hotuba ya kumtolea Kirit, yenye mwanzo, kati na mwisho, kama ya mwenyekiti wa harusi.

Milango ikafunguka nikamwona mbele kabisa, kwenye kizuizi. Alikuwa amekuja kweli. Alikuwa ameshika koti zito la mama yake, lile la kahawia, na soksi za sufu zimechungulia mfukoni, na mkono mwingine ameshika chupa ya chai. Aliponiona alitabasamu, akanyoosha shingo kuangalia nyuma yangu. Akaangalia kwa muda mrefu. Walipita watu wa ndege yetu wote, wakapita na wa ndege nyingine.

Akaniambia kazi ya Leeds ameikataa. Alilisema kwa Kiswahili, maneno yamevunjikavunjika, ya mtoto wa miaka sita. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia.

Hotuba yangu sikuitoa. Nilimtazama usoni nikampa maneno ya mama yake kama yalivyo, sikupunguza wala sikuongeza. Alilikunja koti vizuri, mkono juu ya mkono, kama linavyokunjwa la mtu atakayelivaa kesho. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, kama mama alilia wakati naondoka.

Nikamwambia ukweli. Hakulia. Alikuwa mezani na wenzake watatu wanacheza karata, na nilipoinama kumuaga akanigusa shavu, akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa namzibia mwanga.